Sifa Inayochoma: Filamu ya Julius Caesar na Sikio la Mwanafunzi

Neno lililoandikwa halina uso. Msomaji ndiye anayelivika uso, na asiye na sikio la lugha huweza kulivika tabasamu pale palipostahiki ghadhabu. Mwanafunzi wa sekondari katika Tanzania husoma baiolojia kwa Kiingereza, na hutahiniwa kwa Kiingereza, lakini ni nadra amsikie mtu akitania, akibembeleza au akisuta kwa lugha hiyo. Kichwa chake hubebeshwa msamiati. Sikio lake huachwa na njaa. Ndipo baadhi ya walimu walipoikimbilia filamu. Hilo ni jema, ila suala linabaki: filamu ipi, na itazamwe vipi?

Iko filamu moja kongwe inayostahiki kurejewa kwa kazi hii: Julius Caesar, iliyoongozwa na Joseph L. Mankiewicz nchini Marekani mwaka 1953, kutokana na tamthilia ya Shakespeare. Haina rangi, haina haraka, na wala haikutengenezwa kwa ajili ya darasa. Thamani yake kwa mwanafunzi imo katika tukio moja: hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Kaizari.

Brutus, anayechezwa na James Mason, ameshazungumza kwa nathari, kwa hoja zilizopangwa, na umma umemkubali. Antony, anayechezwa na Marlon Brando, anasema kwa shairi, naye amepewa ruhusa kwa sharti kwamba asiwalaumu wauaji. Basi hawalaumu. Anawasifu. Kila baada ya hoja anairejea heshima ya Brutus, na maneno ya sifa hiyo hayabadiliki ila kidogo sana. Kinachobadilika ni sauti. Mwanzo ni sifa. Kisha shaka inaingia. Mwisho sifa yenyewe imekuwa tusi, na umati unaitamka kwa hasira. Katikati ya hotuba, Antony anapowapa watu mgongo kana kwamba kilio kimemzidi, kamera inamwonyesha mtazamaji uso unaosikiliza na kupima maneno yamefika wapi.

Kitabu peke yake hakiwezi kulifunza jambo hili. Katika ukurasa, sifa ya kwanza na ya mwisho zimefanana kama pacha, na kamusi itazipa maana ile ile.

Hapo ndipo mwanafunzi wa mwambao anapokuwa na mtaji ambao mara nyingi mwalimu wake hautumii. Amekulia mahali ambapo fumbo ni adabu na ni silaha pia. Ambapo kanga husema lile ambalo mdomo umestahi kulisema, na anayeinuka kumtunza mwimbaji wa taarab huweza kuwa anamsuta jirani yake. Hahitaji kufunzwa kwamba sifa huchoma. Anachohitaji ni kusikia Kiingereza kinapandisha wapi sauti, na kinanyamaza wapi, ili sifa ichome.

Wala si mgeni tu anayehitaji mafunzo hayo. Brando, Mmarekani wa kuzaliwa, alikwishajulikana kwa kusema kama anayetafuna maneno. Kwa mistari hii alitaka ushauri wa John Gielgud, Mwingereza aliyecheza Cassius katika filamu hiyo hiyo. Hata mwenye lugha yake, basi, huketi chini akafunzwa pumzi ya shairi.

Filamu hii ina kasoro zake darasani. Kiingereza chake ni cha mwisho wa karne ya 16, na atakayekwenda nacho sokoni atachekwa. Inachukua kama saa 2, na kuionyesha yote kwa mkupuo ni kumpumzisha mwalimu kuliko kumfunza mwanafunzi. Hotuba peke yake yatosha: isikilizwe kwanza bila ya picha, kisha itazamwe, kisha irudiwe kwa mdomo hadi sauti igeuke mahali pake.

Na maandishi chini ya picha? Mwaka 2009 watafiti Holger Mitterer na James McQueen walichapisha jaribio walilowafanyia Waholanzi waliotazama filamu za Kiingereza chenye lafudhi ngeni kwao, ya Scotland au ya Australia. Maandishi ya Kiingereza yaliwasaidia kuizoea lafudhi. Tafsiri ya Kiholanzi iliwatatiza walipokutana na maneno mapya ya lafudhi ile ile. Jicho lililoshiba tafsiri hulilaza sikio.

Kwa hivyo tafsiri ya Mwalimu Nyerere, iliyotoka kwanza mwaka 1963 na kutolewa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, ni hazina ambayo mahali pake ni baada ya filamu. Mwanafunzi aliyekwisha kuisikia sifa ikigeuka ataifungua akiwa na swali la mfasiri: Kiswahili kimeipokeaje sumu ile?

Mashairi ya mwambao hayakuishi kwenye karatasi tu. Tenzi zilighaniwa mbele ya watu, na masikio ya waliokaa ndiyo yaliyokuwa hakimu. Mwalimu atakayeichukua filamu kwa adabu hiyo hatamaliza mtaala upesi. Lakini mwanafunzi wake, siku atakaposifiwa kwa Kiingereza, atajua kama amesifiwa au amesutwa.