Nani Aliamua Mshindi? Malumbano, Ngonjera na Kumbukumbu ya Ulingo Uliokuwa Wazi

Utangulizi

Uhakiki wa ushairi wa Kiswahili umejijengea desturi ya kuzikumbuka kwa majonzi kurasa za mashairi za magazeti ya zamani. Husemwa kwamba enzi za Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, mwenye hoja aliitunga, akaituma, akajibiwa na mtu asiyemjua. Na kwamba ulingo ule sasa umefungwa. Makala haya yanalikubali dai hilo nusu. Yanashikilia kwamba kinachostahili kuombolezwa si wingi wa sauti, bali ni kutojulikana mapema kwa mshindi. Ili kulithibitisha hilo, tunautazama ulingo huo kutoka Usukumani, si kutoka pwani.

Kanuni za ulingo

Malumbano yalikuwa na utaratibu. Mtunzi alimwomba mhariri nafasi katika ubeti wa kwanza, kisha akatupa swali au fumbo. Wenzake wakalipokea kwa vina na mizani. Jibu lililopungua mizani lilishindwa kabla hoja yake haijasikilizwa. Desturi yenyewe ni kongwe kuliko gazeti, kwani Muyaka bin Haji wa Mombasa alikwisha jibizana kwa mashairi na mahasimu wa mji wake katika karne ya 19. Gazeti liliongeza umbali. Kaluta Amri Abedi wa Ujiji na Mathias Mnyampala wa Ugogo waliweza kusimama mbele ya wasomaji kama mafundi wa sanaa ambayo kitovu chake kilidhaniwa kuwa pwani tu.

Kwa mtazamo huu, kitabu cha Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi (1954), hakistahili kusomwa kama kufuli peke yake. Sheria iliyoandikwa hujifunzwa na yeyote anayejua kusoma. Isiyoandikwa hubaki kwa waliozaliwa nayo. Mtu wa bara alipewa ngazi kwa mkono uleule uliojenga ukuta.

Hata hivyo, ukuta ulikuwapo. Mambo Leo lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, na mhariri ndiye aliyeshika mlango. Mwaka uleule wa 1954 TANU ilianzishwa, na katika Jimbo la Ziwa, lililokuwa na Usukuma ndani yake, matawi yake yalinyimwa usajili hadi mwaka 1958. Mkulima wa Shinyanga aliyejua vina angeweza kulumbana juu ya tabia, ndoa au lugha. Kukutana na wenzake chini ya bendera ya chama hicho kulikuwa jambo jingine. Tena, majina mengi yaliyovuka kutoka magazetini na kuingia katika diwani ni ya wanaume. Anayeutamani ulingo ule hana budi kusema pia nani hakuufikia.

Sauti mbili, mwisho mmoja

Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1968 Nyerere aliwaita washairi walieneze, na Mnyampala akaipa ngonjera nafasi ya pekee katika kazi hiyo. Kwa sura, ngonjera ni ndugu wa malumbano: watu wawili hupingana ubeti kwa ubeti. Lakini mmoja kati yao ameandikiwa ujinga tangu mwanzo, na ubeti wa mwisho ni wa kukiri kwake. Hapa ndipo kumbukumbu hutuhadaa. Tukipima uwazi kwa kuhesabu sauti, ngonjera na malumbano ni sawa. Tukiupima kwa kuuliza kama mwisho ulijulikana kabla ya mwanzo, hivyo ni vitu viwili tofauti.

Usukuma una kipimo chake cha jambo hilo. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo masimulizi huvihusisha na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hushindana uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Kila upande una manju wake anayetunga kejeli na majigambo dhidi ya mpinzani. Hakuna jaji mezani: watazamaji huhama kwa miguu yao, na upande wenye umati mkubwa ndio mshindi. Nao uwanja huo haukuwa na usafi wa malaika. Dawa za kuvuta watu zilitegemewa, na aliyeshindwa aliweza kuilaumu dawa badala ya wimbo wake. Lakini hakuna aliyejua asubuhi nani angebaki na watu jioni.

Mgogoro wa miaka ya 1970

Kwa kipimo hicho, mgogoro wa mashairi ulioandamana na Kichomi (1974) cha Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, ulikuwa malumbano ya kweli: wanamapokeo na wanamabadiliko wote walikuwa na cha kupoteza. Dosari yake iko kwingine. Hoja zake nzito zilihamia vitabuni, kama katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979) ya Mulokozi na Kahigi, mahali ambapo msomaji hakuweza kujibu juma lililofuata. Umati ulipungua, wakabaki waamuzi.

Hitimisho

Katika makazi ya wachimbaji wadogo kama Mwakitolyo, hakuna kabila moja linaloweza kuwa mwamuzi. Watu wa lugha nyingi hukutana kwenye maduara ya dhahabu, na Kiswahili huwa lugha ya kuelewana, kutaniana na kugombana. Mhakiki anayeomboleza kurasa za gazeti angefaa kwenda kusikiliza huko, si kwa kutafuta vina vya Abedi, bali kwa kuuliza maswali matatu: nani anaruhusiwa kuanza, nani anaruhusiwa kujibu, na mshindi anajulikana lini. Palipo na jibu la swali la tatu kabla ya mtu kufungua kinywa, hapo pana ngonjera, hata wakizungumza watu elfu.