Mzani Haushushi Mzigo: Kilichokatwa Kwenye Ushauri wa "Jipime Kila Asubuhi"

Ukipita Ilula kwa basi utawaona akina mama na nyanya zao kando ya barabara ya TANZAM. Mmoja wao ni mama yangu mdogo. Mwaka jana alipimwa presha ikawa juu, akaambiwa apunguze uzito. Mwanawe aliyeko Dar akamtumia mzani wa kidijiti na ujumbe mfupi: "Mama, jipime kila asubuhi. Namba haidanganyi."

Akajipima wiki tatu bila kukosa. Jumatatu moja, siku moja baada ya sherehe ya kipaimara kwa jirani, mzani ukaonyesha kilo moja na nusu zaidi. Siku hiyo hakula mchana. Jioni njaa ikamzidi, akala maradufu. Yakajirudia hayo mara kadhaa, mwisho akausukuma mzani uvunguni. Hilo lisingenisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba aliacha na kliniki ya presha, kwa sababu huko nako unapokelewa na mzani. "Nikapande tena mbele za watu niumbuke, mwanangu?"

Kwa hiyo leo naukosoa ushauri huu. Sisemi ni uongo. Nasema umetufikia nusu.

Ushahidi wake upo. Utafiti unaotajwa sana ni wa Rena Wing na wenzake nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2006. Walichukua watu 314, na hebu zingatia walikuwa watu gani: kila mmoja alikuwa ameshapunguza angalau asilimia 10 ya uzito wake ndani ya miaka miwili. Kwa wastani walikuwa wamepungua kilo 19 hivi. Swali halikuwa namna ya kupungua. Swali lilikuwa namna ya kutorudi ulikotoka.

Waligawanywa makundi matatu. La kwanza lilitumiwa vijarida tu. La pili lilisaidiwa kupitia intaneti, na la tatu lilikutana na wataalamu ana kwa ana. Baada ya miezi 18, waliokuwa wamerudisha kilo 2.3 au zaidi walikuwa asilimia 72 katika kundi la vijarida, asilimia 55 katika kundi la intaneti na asilimia 46 katika kundi la ana kwa ana. Waliojipima kila siku walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kurudisha uzito. Hapo ndipo wengi wetu tunapofunga kitabu na kutuma ujumbe kwa mama.

Lakini soma mbele kidogo. Faida ya kujipima kila siku ilionekana kwa wale waliopewa mafunzo. Katika kundi la vijarida, kujipima kila siku hakukuleta tofauti ya maana. Kwa nini? Kwa sababu waliofundishwa walipewa kitu kama taa za barabarani. Ukiwa umeongezeka chini ya kilo 1.4 uko kijani, endelea na ulichokuwa unafanya. Ukipita hapo uko njano, angalia ni nini kimebadilika. Ukifika kilo 2.3 uko nyekundu, rudia mpango wako wa kupunguza, na kuna mtu wa kukusaidia. Kila namba ilikuwa na kazi iliyopangwa mapema.

Watu wa barabara kuu tunalielewa hili vizuri. Lori likipita mizani ya Wenda halitoki likiwa jepesi. Likionekana limezidisha, kuna utaratibu: faini, au mzigo unashushwa. Ondoa utaratibu huo, ubaki na mzani peke yake, na lori litapimwa mara kumi na kufika Dar na mzigo uleule.

Kosa la pili la ushauri huu ni hiyo kauli ya "namba haidanganyi". Namba ya siku moja inadanganya sana, jamani. Kunywa lita moja ya maji halafu panda mzani: umeongezeka kilo moja, na hakuna hata gramu ya mafuta ndani yake. Chumvi inashikilia maji. Wanga wa akiba mwilini, unaoitwa glikojeni, kila gramu yake huhifadhiwa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Mwanamke akikaribia hedhi uzito unaweza kupanda wenyewe. Ili upate kilo moja ya mafuta halisi unahitaji kama kalori 7,700 juu ya mahitaji yako. Hizo ni zaidi ya kilo mbili za unga wa mahindi. Mama mdogo hakula ugali wa kilo tatu za unga kwenye kipaimara! Alichokiona Jumatatu kilikuwa zaidi maji, chumvi, na chakula kilichokuwa bado tumboni.

Tatu, mzani haumgusi kila mtu sawa. Timu ya Dianne Neumark-Sztainer, kule Minnesota, iliwafuatilia vijana kwa miaka mitano. Wasichana waliojipima mara kwa mara ndio walioonekana baadaye kula kwa kupitiliza na kutumia njia hatari za kupungua. Kwa hiyo kama una binti wa sekondari, usimpe zawadi ya mzani.

Na kwetu kuna jambo ambalo tafiti hizo hazikulazimika kuligusa. Ukikonda hapa watu hawakupongezi. Wanauliza, "Unaumwa?" Miaka mingi ya UKIMWI imetufundisha kuogopa mwili unaopungua. Mama mdogo alikuwa anapigana na mzani asubuhi, na maswali ya sokoni mchana.

Sipendekezi tutupe mizani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Tatizo ni la kwetu. Basi, kabla hujamtumia mtu mzani, mtumie na hii nusu nyingine: chagua ratiba unayoiweza, hata mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, mzani uleule. Andika. Tazama mwelekeo wa mwezi, achana na namba ya leo. Amua mapema utafanya nini ukiongezeka kilo mbili. Na kama mzani unakufanya uruke mlo au ukimbie kliniki, weka mzani pembeni, kliniki usiiache.

Mama mdogo amerudi kliniki. Nilimsindikiza mara ya kwanza. Siku hizi anajipima Jumamosi, anaandika kwenye kalenda ya ukutani. Wiki iliyopita aliongezeka nusu kilo. Nikamuuliza amefanya nini. "Nimeandika," akasema, akaendelea kupanga nyanya zake.