Samaki Mkunje Angali Mbichi

Methali hiyo tumezoea kuisikia watoto wanapoonywa. Mimi niliielewa sawasawa siku nilipomshika kambale wa moshi, amekunjwa duara, mkia umefika kinywani. Akishakauka hakunjiki tena, ukilazimisha, anavunjika. Aliyemkunja alijua hilo mapema, nyama ikiwa bado laini.

Kambale tunaowala hapa kwetu Tosamaganga, Iringa, wengi hutoka bwawa la Mtera, pale Ruaha Mkuu ulipozuiwa mpakani mwa Iringa na Dodoma. Bwawa likijaa, maji hufika kama mita 698 juu ya usawa wa bahari, katika nchi ya joto na mibuyu. Kutoka huko samaki hupanda mlima Nyang'oro, akapita Iringa mjini, ndipo ashike njia ya Kalenga kuja kwetu kwenye baridi. Ni safari ya zaidi ya kilomita 100. Samaki mbichi asiye na barafu huharibika njiani. Wa moshi hufika, tena hukaa.

Kazi huanza kwa kisu. Kambale hana magamba, ila ana utelezi, hivyo husuguliwa kwa majivu au chumvi mpaka ngozi ishikike. Hupasuliwa, matumbo na mashavu yakatolewa, akaoshwa, akaachwa upepo umnyonye maji. Hatua hiyo ndiyo mwenye pupa huiruka. Samaki akipanda uchagani angali analowa, masizi humganda, akawa mweusi na mchungu.

Halafu moto, nao ni wa namna mbili. Wa kwanza una nguvu kiasi, wa kumwivisha. Wa pili ni wa makaa na moshi tu, wa kumkausha polepole huku akigeuzwa, mchana hata usiku. Moto ukizidi, ngozi hukaza upesi na kufungia maji ndani. Nje anapendeza, moyoni anaoza. Kuni nazo huchaguliwa: mti mgumu mkavu, kama mgunga. Misindano iliyojaa Mufindi haifai hata kidogo, kwa kuwa utomvu wake hutoa moshi mzito na ladha chungu. Moshi mzuri hutia rangi ya kahawia inayong'aa, na hufukuza nzi na kuchelewesha uozo.

Sokoni, usitazame tu. Mshike: awe mwepesi kuliko ukubwa wake. Mgonge kwa ukucha: alie kama ubao. Mnuse kichwani, kisha kagua mikunjo. Ukiona ungaunga, wadudu wamekwisha kumla kabla yako. Mama mmoja muuzaji, baada ya kuitikia salamu yangu ya Kihehe, "Kamwene", alimvunja mkia kambale wake mwenyewe anionyeshe ndani. "Tazama, mwanangu. Mkavu mpaka kwenye mfupa." Nilinunua wawili.

Nyumbani, subira iliyomtengeneza ndiyo itakayompika. Mloweke katika maji ya moto nusu saa, umsugue, umwage maji hayo, umchambue vipande vikubwa na kutoa miiba. Kaanga vitunguu vya Ruaha Mbuyuni kwa mafuta ya alizeti, weka nyanya za Ilula, uziache ziive hadi mafuta yaelee. Ndipo utie samaki, na maji kidogo. Karanga zilizotwangwa huja mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, ukikoroga zisishike chini. Chumvi onja kwanza. Viungo vikali viache kabatini, maana moshi ni kiungo tosha.

Waingereza nao humpasua heringi mgongoni, wakamtia chumvi na kumtundika kwenye moshi usio na joto usiku kucha. Wao humla asubuhi kwa mkate. Sisi tuna ugali wa moto na majani ya maboga. Mega tonge, bonyeza shimo kwa kidole gumba, chota mchuzi, tafuna taratibu. Karanga hutangulia ulimini, nyanya hufuata. Ukishameza, moshi unabaki kooni, na pamoja nao usiku mzima wa mtu aliyekesha kando ya bwawa, akipunguza kuni kila moto ulipotaka kuwaka.