Kushuka na Injini Iliyokufa Juu ya Rufiji

Ukiwa ndani ya mashua kwenye hori la Mlingotini, karibu na Bagamoyo, mikoko inakuziba usione chochote kilicho nyuma yake. Kule Rufiji, mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mikoko iliificha manowari nzima ya Kijerumani, Königsberg. Waingereza walileta Severn na Mersey, meli za mizinga zisizohitaji maji mengi, zikajipenyeza mtoni. Wapiga mizinga wa meli hizo walilenga shabaha wasiyoiona. Macho yao yalikuwa ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia.

Tarehe 6 Julai mpango ulikwama. Meli zote mbili zilipiga kwa pamoja, na aliyekuwa angani hakuweza kujua kombora lipi ni la nani. Mabomu ya ndege nayo hayakuizamisha Königsberg. Kwa hiyo tarehe 11 Julai ilipiga meli moja, nyingine ikangoja.

Aliyeendesha ndege aina ya Farman alikuwa John Cull, H. J. Arnold alishika mtambo wa redio. Nashikilia kwamba kazi ya Cull ilidai moyo mgumu kuliko kudondosha bomu. Mwenye bomu hupita, akaachia, akaondoka. Cull alitakiwa azunguke palepale, kwa mwendo wa polepole, huku akipigwa kutoka chini, ili Arnold aone kila kombora linapoangukia na kutuma masahihisho. Mkupuo wa nane wa Severn ukaipata Königsberg.

Muda mfupi baadaye ndege ikapigwa, injini ikafa. Cull akaishusha taratibu kuelekea meli zao. Arnold akaomba boti, kisha akaendelea na kazi: makombora yanaangukia omo, yasogezeni nyuma. Severn ikasogeza, yakaanza kupiga katikati ya meli. Ujumbe huo ulitumwa ndege ikiwa inashuka, na usingetumwa kama rubani angepapatika akaipoteza ndege mikononi. Ndiyo maana siwezi kumsifu mmoja nikamwacha mwenzake.

Farman ikatua mtoni karibu na Mersey, ikapinduka. Cull alinaswa na mkanda wa kiti; Arnold akaenda kumsaidia, boti ikawaokota wote wawili.

Kapteni Looff wa Königsberg aliilipua meli yake mwenyewe, lakini mizinga yake ikaopolewa na kusambazwa vitani nchi kavu. Mmoja uliwekwa Bagamoyo, na ukatekwa tarehe 15 Agosti 1916, Waingereza walipoushambulia mji huo kutoka baharini, Severn na Mersey zikiwemo.