Video Hupanda kwa Kutazamwa, si kwa Kubofywa

Machi 2012 YouTube ilibadilisha namna ya kuchagua video za kumpendekezea mtazamaji, na papo hapo idadi ya video zilizofunguliwa ikashuka kwa takriban asilimia 20. Kampuni yoyote inayoishi kwa matangazo ingeshtuka. Wahandisi wake hawakurudi nyuma, kwa sababu walikuwa wameacha kuhesabu mibofyo na kuanza kuhesabu dakika ambazo watu wanakaa na video. Oktoba mwaka huohuo kipimo hicho kikaingizwa kwenye utafutaji pia. Imepita zaidi ya miaka kumi, lakini ushauri mwingi unaotolewa kuhusu kupandisha video bado ni wa mfumo uliozikwa mwaka ule: jaza maneno muhimu, rundika tagi, weka kichwa cha kushtua. Hoja yangu ni kwamba nafasi ya video kwenye utafutaji leo inaamuliwa zaidi ndani ya video yenyewe, hasa katika nusu dakika ya kwanza. Maneno ya nje yanaiingiza kwenye ushindani, hayaishindii.

Ili kuelewa kwa nini walihama, tazama kilichokuwa kikitokea mwishoni mwa 2011 na mwanzoni mwa 2012. Walizuka watu waliojirekodi wakitoa "majibu" kwa kila video iliyokuwa ikivuma. Walinakili kichwa na tagi za video ile, wakaweka kava inayoonyesha kifua cha mwanamke, na ndani mkawa hamna kitu. Tagi ziliifanya mashine iamini kwamba video hizo mbili zinahusiana, kava ikamfanya mtazamaji abofye, naye alipogundua akaondoka baada ya sekunde chache. Kwenye hesabu ya wakati huo aliandikwa kuwa mtazamaji kamili, sawa na aliyetazama mwanzo hadi mwisho. Kasoro ilikuwa kwenye kipimo chenyewe: mbofyo hutolewa kabla mtu hajaona chochote, kwa hiyo unapima ahadi, na anayeahidi makubwa zaidi hushinda hata kama hana cha kutoa. Mwaka 2016 wahandisi watatu wa Google, Paul Covington, Jay Adams na Emre Sargin, walilisema hilo waziwazi katika andiko lao la kitaalamu kuhusu mapendekezo ya YouTube: ukipanga video kwa uwezekano wa kubofywa, unazipandisha zile za udanganyifu ambazo watu hawazimalizi. Mfumo walioueleza ulikadiria muda ambao mtu angeitazama video, ukapanga kwa makadirio hayo.

Mtu anaweza kusema kwamba mapendekezo ni jambo moja na utafutaji ni jambo jingine, kwa kuwa anayetafuta ameandika maneno na mashine haina budi kuyafuata. Ni kweli kwa sehemu. YouTube yenyewe inaeleza kwamba inaanza kwa kuangalia jinsi kichwa, maelezo na maudhui ya video yanavyooana na maneno yaliyotafutwa. Lakini inaongeza jambo ambalo washauri wengi hulipita haraka: inaweza pia kuangalia muda ambao video fulani imetazamwa na watu waliotafuta maneno hayohayo. Hapo ndipo uzito wote ulipo. Video haina alama moja inayotembea nayo kila mahali. Inaweza kuwa juu kwa swali moja na kuzama kwa jingine, kulingana na walivyofanya watu waliofika kwa swali hilo. Ukijaza kwenye maelezo maneno ambayo video haiyajibu, unawaalika watu watakaoondoka mara moja, na kuondoka kwao kunaandikwa dhidi yako palepale ulipotaka kupanda. Tagi nazo, kwa maelezo ya YouTube, zina mchango mdogo sana, na faida yake kubwa ni pale neno linapokosewa tahajia mara kwa mara.

Chukua swali ambalo watu hulitafuta wakiwa na presha: nimetuma pesa kimakosa, nitazirudishaje? Kwa mteja wa M-Pesa wa Safaricom nchini Kenya, hatua ya kwanza ni fupi mno: unausambaza ujumbe wa muamala kwenda namba 456. Sasa fikiria video inayoanza kwa muziki na nembo ya chaneli, halafu salamu, halafu ombi la kubonyeza kengele, halafu historia ya huduma za fedha kwa simu, na namba inatajwa dakika ya nne. Mwenye swali hakai. Anarudi kwenye orodha na kufungua nyingine. Video ya pili inaitaja 456 ndani ya sekunde kumi na tano, inaonyesha skrini ya simu ujumbe ukisambazwa, kisha inaingia kwenye yale ambayo mtu huyo ataanza kujiuliza punde: je, kama aliyepokea ameshazitoa? Je, kama nilikosea namba ya Paybill na si ya mtu? Kichwa chake kinatumia maneno ya mwenye shida, "nimetuma pesa kimakosa", badala ya lugha ya ofisini kama "utaratibu wa kubatilisha miamala". Aliyeshapata jibu la kwanza anabaki kwa sababu ameona kwamba anayezungumza anaijua shida yake.

Chombo cha kulithibitisha hili kiko mkononi mwa kila mwenye chaneli. YouTube Studio huonyesha mchoro wa jinsi watazamaji wanavyopungua, na hutaja asilimia ya waliokuwa bado wanatazama ilipofika sekunde ya 30. Sehemu nyingine inaorodhesha maneno ambayo watu waliyatafuta hadi wakaifikia video. Visomwe pamoja. Mchoro ukiporomoka mwanzoni, kagua kwanza hayo maneno: huenda video ni nzuri ila imeitwa kwa jina linaloleta watu wasiohusika, na hapo dawa ni kubadilisha kichwa. Kama maneno yanaoana na maudhui na bado watu wanaondoka, kasoro iko kwenye utangulizi, na hakuna tagi itakayoitibu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kupima dakika kunazawadia porojo. Cristos Goodrow, mhandisi aliyeongoza kazi hiyo YouTube, aliutetea msimamo wake kwa mfano wa kufunga tai ya kipepeo: video moja inafundisha kwa dakika moja, nyingine kwa dakika kumi zenye vichekesho, naye alitaka ya pili iwe juu. Ninaamini alikosea kwa upande wa anayetafuta. Mtu aliye mlangoni akielekea harusini anataka dakika moja. Kampuni ilijiwekea lengo la saa bilioni moja za kutazamwa kwa siku, ikalifikia Oktoba 2016, na njiani ikatambua kwamba dakika zote hazilingani. Ikaanza kuwauliza watazamaji wenyewe kwa dodoso, wakitoa nyota 1 hadi 5, na ni nyota 4 na 5 pekee zinazohesabiwa kuwa muda wenye thamani. Kwa hiyo anayevuta maneno ili video ifike dakika kumi anacheza mchezo ambao mwenye uwanja ameshaurekebisha.

Kwetu liko pingamizi jingine, la bando. Mtazamaji anayelipia kila megabaiti huondoka mapema hata akipendezwa, na inaonekana si haki video ya Kiswahili ipimwe sawa na inayotazamwa kwa waya wa nyumbani. Lakini kwa swali lililoandikwa kwa Kiswahili washindani wako wanatazamwa na watu walewale, kwa bando lilelile. Uhaba huo unambana kila mmoja, na anayenufaika ni anayejibu mapema.

Wapo pia watakaosema kwamba kava za kushtua bado zinafanya kazi, na ushahidi wao ni chaneli kubwa zinazozitumia. Kava nzuri inahitajika, sikatai, kwani video isiyofunguliwa haina dakika za kuhesabiwa. Ila angalia YouTube ilivyounda kifaa chake cha kulinganisha kava, kilichoanza kutolewa kwa wengi 2024. Unaweka hadi kava tatu, zinaonyeshwa kwa watu tofauti, na mshindi hatangazwi kwa wingi wa mibofyo. Hutangazwa kwa sehemu ya muda wa kutazamwa ambayo kila kava imeleta.