Shuka Juu ya Kasri la Kaizari

Mwaka 1757 msanifu majengo Mskoti, Robert Adam, alikaa Split, kwenye pwani ya Kroatia ya leo, kwa wiki tano. Alikuwa akipima kasri ambalo Kaizari Diocletian alijijengea huko ili astaafu humo. Alifuatana na mchoraji Mfaransa, Clérisseau, na wasaidizi wawili. Mji ulikuwa chini ya Venice, na gavana akamshuku kuwa anapeleleza ngome. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1764. Nimekaa nacho karibu muhula mzima kwa ajili ya tasnifu yangu, na nimekipenda, hata kabla sijaanza kugombana nacho.

Adam anachora kwa namna mbili. Kwanza anatuonyesha mji alioukuta: nyumba zimeegemea nguzo, kuta zimetobolewa madirisha, watu wamesimama kivulini. Kisha anaviondoa vyote na kulirudisha kasri anavyodhani lilivyokuwa. Ukuta wa kusini, ule unaotazama bahari, ameuchora kwa namna zote mbili. Weka kurasa hizo pamoja uone. Wa pili umenyooka, msafi, wa kuvutia sana, na hakuna anayeishi humo.

Kiangazi kilichopita tulishinda Split siku nzima: mama, dada yangu, shemeji, watoto wao wawili na mimi. Kwa kuwa mimi ndiye msomi, nikapewa kazi ya kuongoza msafara. Nikawapitisha kama nilivyofundishwa na Adam: Lango la Dhahabu, uwanja wa nguzo, sfinksi nyeusi iliyoletwa kutoka Misri, kaburi la Kaizari ambalo sasa ni kanisa kuu. (Diocletian aliwatesa Wakristo, sijui angesema nini.) Mpwa wangu wa miaka sita akauliza mfalme alikuwa analala wapi. Nikanyoosha kidole juu, upande wa kusini. Juu kulikuwa na shuka zimeanikwa.

Tulipoketi kupumzika mama aliomba simu aone picha. Akazipitia moja moja, bila haraka.

"Mwanangu, mbona nguo za watu zote umezikata? Kwani hawa hawakai hapa?"

Ni kweli. Kila nilipopiga picha nilikuwa nimesogea hatua moja au nimeinua simu kidogo, mpaka kamba zitoke. Hakuna aliyeniagiza.

Adam anaweza kutetewa: alikuwa kijana anayetafuta jina na wateja, na mteja wa London hakuhitaji kuona jiko la mtu wa Split. Lakini udhaifu wa kitabu hauko kwenye adabu tu, uko kwenye ushahidi. Katika karne ya 7, mji jirani wa Salona ulipoangamia, wakimbizi waliingia ndani ya kuta hizi, na tangu hapo kasri halijakosa wenyeji. Kwa karne nyingi waliokaa juu walitoboa sakafu na kumwaga taka kwenye vyumba vya chini. Vikajaa. Kwa kujaa huko vikahifadhika, na taka zilipozolewa katika karne ya 20, wataalamu walipata ramani ya makazi ya Kaizari yenyewe, kwa sababu vyumba vya chini vilijengwa kwa kufuata mpango wa vile vya juu vilivyokwisha kubomoka. Adam hakuweza kuviona. Sehemu aliyolala Kaizari, ambayo kwenye kitabu imechorwa kwa uhakika mkubwa kuliko zote, ni ya kukisia. Watu aliowafuta kwenye karatasi ndio waliokuwa wameukalia ushahidi wake.

Hayo niliwaeleza huko huko chini, kwenye ubaridi, watalii wakitupita. Mpwa wangu aliziba pua ingawa hakuna harufu tena, akataka kujua ni ndoo ngapi za taka zinajaza chumba kimoja. Shemeji akaanza kupima kwa hatua kutoka ukuta hadi ukuta. Mama akasema asisahau kuhesabu za usiku.