Kaboni Moja Nje ya Sheria

Sheria ya Kenya ya kudhibiti dawa za kulevya, Na. 4 ya 1994, huitambua dawa kwa jina lake. Mshtakiwa akipandishwa kizimbani katika Mahakama ya Kibera kwa ajili ya kete moja ya unga, kesi husimama juu ya cheti cha mkemia wa serikali, na cheti hicho lazima kitaje kitu kilichomo kwenye jedwali. Kwa heroini na bangi utaratibu huo umetosha, kwani mmea haubadili umbo lake ili kulikwepa bunge. Afyuni za maabara hubadilishwa umbo kwa kusudi hilohilo. Ndiyo maana naona jedwali la majina limepitwa na wakati, ijapokuwa kulibadilisha si kazi ya kwanza.

Tuangalie nitazini, familia mojawapo ya afyuni hizo. Ziliundwa na kampuni ya Ciba ya Basel, Uswisi, miaka ya 1950, katika kutafuta dawa za maumivu, zikaachwa kwa sababu zilizima pumzi ya mgonjwa. Moja yao, etonitazini, iliingizwa katika Jedwali la I la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961. Kufikia 2019, masoko ya Ulaya na Marekani yalikuwa na isotonitazini: ni etonitazini ileile, ila mkia wake mmoja umeongezwa kaboni moja na hidrojeni mbili. Nguvu ilibaki, jina likawa jipya. Umoja wa Mataifa uliiorodhesha 2021. Ikafuata protonitazini, yenye atomu zilezile kwa idadi ileile, isipokuwa mkia umenyooshwa badala ya kugawanyika. Nayo ikaorodheshwa 2023. Mbinu hii ni kongwe. Mwaka 1979 California ilipata fentanili iliyoongezwa kaboni moja namna hiyohiyo.

Marekani ilijibu mwaka 1986 kwa sheria inayoharamisha chochote "kinachofanana sana" na dawa iliyokatazwa. Jibu hilo silitaki hapa. Kufanana sana ni kiasi gani? Wakemia wawili watabishana mbele ya hakimu, ilhali Ibara ya 50(2)(n) ya Katiba yetu inakataza kumtia mtu hatiani kwa tendo ambalo halikuwa kosa alipolitenda. Afadhali njia ya China kwa fentanili, tangu Mei 1, 2019, na ya Uingereza kwa nitazini, tangu Januari 2025: sheria inaeleza kiunzi cha molekuli na sehemu zake zinazoweza kubadilishwa, na familia nzima inaingia mara moja. Mwenye elimu ya kemia ataisoma kabla ya kutenda, kwa hiyo si mtego.

Wapo watakaosema wavu mpana hivyo utanasa pia dawa za hospitali. Hofu hiyo si ya bure. Mwaka 2010 Human Rights Watch ilikuta mofini ya kunywa katika hospitali 7 tu kati ya takriban 250 za umma nchini. Methadoni inayotolewa katika Hospitali ya Mathari tangu 2014 kuwatibu waraibu wa heroini ni afyuni ya maabara vilevile. Basi kila dawa iliyosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu iachwe nje ya tafsiri hiyo, kwa maandishi, ndani ya sheria yenyewe.

Pingamizi zito ni jingine: maskani za Kibera na Kawangware zinasumbuliwa na unga, vidonge vya usingizi viitwavyo bugizi, na tramadoli, si nitazini. Kuhusu tramadoli nakubali. Shirika la Afya Duniani limeipitia mara kadhaa bila kupendekeza udhibiti wa kimataifa, likichelea kuzinyima hospitali maskini dawa ya maumivu. Hilo ni suala la ukaguzi wa maduka ya dawa. Lakini Sierra Leone ilitangaza hali ya dharura Aprili 2024 kwa sababu ya kush, mchanganyiko wa kulevya unaovutwa, na nitazini zikapatikana ndani yake. Mvutaji hakuambiwa alichouziwa. Unga nao hufika mtaani umeshachanganywa mara nyingi, na mchanganyaji hatoi risiti.

Hapa kikwazo ni kipimo. Vipimo rahisi vya mkojo vya kutafuta heroini na mofini havigundui nitazini, na vijikaratasi vya kupimia fentanili havigundui pia. Kijana akizimika pumzi Kawangware, kifo chake kinaweza kuandikwa kuwa cha unga, na jambo likaishia hapo. Hata mizani inapotosha: mabadiliko ya sheria ya 2022 yanapanga adhabu ya ulanguzi kwa gramu, ilhali gramu moja ya nitazini ni dozi nyingi kuliko gramu nyingi za heroini iliyochakachuliwa.

Kwa hiyo Bunge lianze kwa kumpa Mkemia wa Serikali mashine na sampuli rejea za nitazini, kisha liandike tafsiri ya familia nzima. Zahanati za Kibera na Kawangware ziwekewe naloksoni, dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidiwa na afyuni, bila kusubiri yote mawili. Dawa hiyo huzuia nitazini pia, ingawa huenda dozi moja isitoshe.